Mafua Hayana Dawa, Lakini Nyumba Ina Kazi

Hakuna kidonge, sindano wala mzizi unaoponya mafua. Madaktari wanalijua hilo siku nyingi, na wengi wetu tumekwisha kulisikia. Lakini ingia duka la dawa lolote la Dar es Salaam au Mombasa mwezi wa Julai, kusi inapovuma na nusu ya mtaa inakohoa, uone biashara inavyokwenda kana kwamba hakuna anayejua. Mteja anaomba "dawa ya mafua". Anapewa tembe za mchanganyiko, chupa ya dawa ya kikohozi na, mara nyingi mno, kapsuli za amoksilini za "kusafisha kifua". Baada ya wiki amepona. Sifa zote zinakwenda kwa kapsuli, ingawa angepona siku ileile bila kuzimeza.

Basi ikiwa mafua hayana dawa, nyumba ifanye nini? Kazi zake ni tatu: kuzuia yasiingie na yasisambae, kumpunguzia mgonjwa adha wakati mwili unajitibu wenyewe, na kutambua mapema pale ambapo kinachoitwa mafua si mafua. Ukitazama tunakopeleka fedha na nguvu zetu, utaona mizani imepinda. Kazi ya pili tunaigharimia kupita kiasi, ya kwanza tunaifanya nusunusu, na ya tatu, ambayo ndiyo inayookoa maisha, tunaikumbuka jua limekwisha kuchwa.

Adui asiye mmoja

Virusi vinavyoweza kuleta mafua ni zaidi ya 200. Kundi kubwa kuliko yote ni la rinovirusi, ambalo peke yake lina aina zaidi ya 160. Hapo ndipo ulipo ugumu wa kupata chanjo, maana kinga inayojengwa dhidi ya aina moja haimlindi mtu ipasavyo na nyingine. Kwa sababu hiyohiyo mtu mzima huugua mafua mara mbili au tatu kwa mwaka, na mtoto mdogo, ambaye mwili wake ndio kwanza unakutana na virusi hivi, huweza kuugua mara sita hadi nane bila kuwa na kasoro yoyote. Mama anayelalamika kwamba tangu mwanawe aanze chekechea haachi makamasi, mara nyingi anaeleza utoto wa kawaida.

Waingereza walijaribu kulifumbua fumbo hili kwa bidii kuliko taifa lolote. Mwaka 1946 walifungua kituo cha utafiti wa mafua karibu na mji wa Salisbury. Watu waliojitolea walikaa pale siku kadhaa, wakala na kulala bure, wakatiwa puani matone yenye virusi, kisha wakachunguzwa. Kituo kilidumu zaidi ya miaka 40. Wanasayansi wake walikuwa miongoni mwa waliogundua virusi vya korona vya binadamu katika miaka ya 1960, muda mrefu kabla dunia haijalisikia jina hilo. Tiba ya mafua hawakuipata, na kituo kikafungwa.

Homa ya mafua, yaani influenza, ni ugonjwa mwingine, ingawa nao hupitia pua na koo. Virusi vyake vilitambuliwa kwa binadamu mwaka 1933 huko London. Mafua ya kawaida huja taratibu: leo koo linawasha, kesho makamasi yanachuruzika, keshokutwa pua imeziba. Mgonjwa hana raha, lakini anajikongoja kazini. Influenza hupiga ghafla. Mtu aliyeamka mzima asubuhi anaweza kuwa kitandani jioni, mwili unamchemka, viungo vyote vinamuuma, na hata kuinua kichwa ni shida. Shirika la Afya Duniani linakadiria kwamba kila mwaka watu wapatao bilioni moja hupata influenza, kati yao milioni 3 hadi 5 huugua vibaya, na kati ya 290,000 na 650,000 hufariki kwa matatizo ya kupumua yanayotokana nayo. Nchi za baridi zina msimu wake. Huku kwetu karibu na Ikweta virusi hivi huzunguka mwaka mzima, vikipanda na kushuka, hivyo hakuna mwezi ambao mtu anaweza kusema sasa yuko salama.

Pwani yetu ina historia chungu na ugonjwa huu. Mwaka 1918, Vita Kuu ya Kwanza ilipokuwa inaelekea mwisho, influenza iliingia kwa meli kupitia bandari ya Mombasa, ikapanda reli kwenda bara, na kuwakuta watu waliokwisha kudhoofishwa na vita, njaa na kazi ya kubebeshwa mizigo ya majeshi. Duniani kote janga lile linakadiriwa kuua watu milioni 50. Uchunguzi wa baadaye wa mapafu ya waliokufa ulionyesha kwamba wengi wao walimalizwa na nimonia ya bakteria iliyofuata baada ya virusi kuchubua njia ya hewa. Jambo hilo lishikwe vizuri, kwa kuwa ndilo msingi wa kazi ya tatu ya nyumba: mara nyingi kinachoua ni kile kinachokuja nyuma ya mafua.

Kuzuia: hewa, mikono, moshi na usingizi

Swali la kwanza katika kila nyumba ni la baridi. Je, kunyeshewa mvua au kukanyaga sakafu bila viatu kunaleta mafua? Kule Salisbury watafiti waliwaogesha watu, wakawaacha wasimame wameloa kwenye ukumbi wenye upepo, na hawakuona kwamba waliugua kuliko wenzao waliokaa pakavu. Mwaka 2005 watafiti wa Cardiff, Wales, walipata picha tofauti kidogo. Kati ya watu 90 waliotumbukiza miguu kwenye maji ya baridi kwa dakika 20, 13 walisema wameshikwa na mafua katika siku nne au tano zilizofuata. Kati ya 90 ambao hawakutiwa majini, walikuwa watano. Njia nzuri ya kuyapatanisha matokeo hayo ni kwamba baridi haizai virusi, lakini mtu ambaye tayari anavyo puani huenda akalemewa haraka mishipa ya damu ya pua inaposinyaa kwa ubaridi na ulinzi wake kupungua. Bibi anayemvalisha mjukuu sweta hakosei sana. Kosa linakuja anapofunga na madirisha.

Maana baridi ina madhara mengine makubwa zaidi: inatufungia ndani pamoja. Mvua ikianza, abiria wa daladala na matatu huvuta vioo, na watu wengi hubaki wanavuta pumzi za wenzao kutoka mwanzo wa njia hadi mwisho. Chumba kimoja cha kupanga wanamolala watu watano, dirisha likiwa limefungwa kwa hofu ya baridi, mbu na wezi, ni mahali ambapo mafua ya mtu mmoja huwa ya wote kabla wiki haijaisha. Mabweni ya shule ni hivyohivyo. Dirisha lililo wazi, hata kwa upana wa kiganja, pamoja na chandarua kitandani, ni kinga isiyogharimu kitu. Nyumba yenye mgonjwa ikiweza, imlaze chumba chake au upande wa dirisha, na mgonjwa akohoe kwenye kiwiko au avae barakoa anapomhudumia mtoto. Siku tatu au nne za mwanzo ndizo anazoambukiza zaidi.

Baada ya hewa ni mikono. Virusi vya mafua hukaa kwenye ngozi na vitu vigumu kwa saa kadhaa, na mwenye mkono huvipeleka mwenyewe puani au machoni bila kujua. Mapitio ya tafiti nyingi yaliyofanywa na wataalamu wa mtandao wa utafiti wa Cochrane yanaonyesha kwamba kunawa mikono mara kwa mara hupunguza magonjwa ya njia ya hewa kwa takriban asilimia 14. Inaonekana ndogo, lakini utafiti uliofanyika katika mitaa ya watu maskini ya Karachi, Pakistan, na kuchapishwa mwaka 2005, ulikuta kwamba familia zilizopewa sabuni na kuhimizwa kunawa zilipunguza nimonia ya watoto chini ya miaka mitano kwa nusu. Hakuna dawa ya dukani yenye rekodi hiyo. Nyumba isiyo na maji ya bomba inaweza kutundika kibuyu chirizi nje ya choo na jikoni: dumu, kamba, kijiti cha kukanyagia na kipande cha sabuni.

Zipo pia desturi zetu ndogondogo ambazo watafiti wa Ulaya hawawezi kuziona. Pindo la kanga linalopangusa pua ya mtoto mmoja, kisha la wa pili, kisha kumkausha jasho mama mwenyewe. Kata moja ya mtungi inayopita midomo yote ya nyumba. Sinia moja la wali linalozungukwa na mikono sita ambayo mmojawapo ndio kwanza umetoka puani. Hakuna haja ya kuvunja sinia, kwa sababu kula pamoja ni utu. Kinachotakiwa ni wote kunawa kwa sabuni kabla ya kuketi, na mwenye mafua ajipakulie pembeni kwa siku zile chache. Mgeni anayekataa kumpakata mtoto mchanga kwa kuwa anakohoa apewe shukrani, asidhaniwe kuwa na kiburi.

Moshi hautajwi sana katika mazungumzo ya mafua, na haistahili kuwa hivyo. Kuni na mkaa ndani ya jiko lisilo na pa kutolea hewa huchubua utando wa pua na mapafu, ule ambao kazi yake ni kunasa na kusukuma nje kila kilichoingia. Shirika la Afya Duniani lilikadiria kwamba hewa chafu ya majumbani ilisababisha vifo milioni 3.2 mwaka 2020, vikiwemo vya nimonia ya watoto. Tanzania imejiwekea lengo la kuwafikisha asilimia 80 ya watu wake kwenye nishati safi ya kupikia ifikapo mwaka 2034. Mpaka hapo, mtoto asifungwe mgongoni mama anapochochea moto ikiwa yupo wa kumshika, na anayevuta sigara avutie nje.

Usingizi nao ni kinga. Mwaka 2015 watafiti wa Marekani walipima usingizi wa watu 164, kisha wakawatia matone ya rinovirusi puani. Waliokuwa wakilala chini ya saa sita kwa usiku walipata mafua kwa uwezekano wa zaidi ya mara nne wakilinganishwa na waliolala zaidi ya saa saba. Mwanafunzi anayekesha kwa ajili ya mtihani na mlinzi anayeunganisha zamu wanayo sababu ya kweli ya kuugua mara kwa mara.

Kuhusu vitamini C, imani iliyoenea ilitiwa nguvu na Linus Pauling, mwanasayansi wa Marekani aliyewahi kutunukiwa Nobel mara mbili, aliyetoa kitabu chake juu ya mafua mwaka 1970. Majaribio yaliyofuata, yaliyohusisha watu zaidi ya 11,000, hayakuonyesha kwamba vidonge vyake huwazuia watu wa kawaida kuugua. Wanaovimeza kila siku hupona mapema kwa asilimia 8 tu wakiwa watu wazima, yaani kama nusu siku katika ugonjwa wa wiki moja, na kwa watoto ni asilimia 14. Kuanza kuvimeza baada ya kuugua hakujaonyesha faida ya kueleweka. Anayetaka vitamini hiyo ale mapera, ambayo yanayo mara kadhaa kuliko machungwa, na abaki na fedha yake.

Chanjo ya influenza ipo, na hubadilishwa kila mwaka kwa kuwa virusi navyo hubadilika. Katika nchi zetu wengi huipata kwa kulipia katika hospitali binafsi. Wanaoihitaji zaidi ni wazee, wajawazito, wenye kisukari, pumu, ugonjwa wa moyo, seli mundu au VVU, pamoja na watumishi wa afya. Mahujaji wanaokwenda Makka, ambako mamilioni husongamana kwa siku chache, nao wanashauriwa kuchanjwa kabla ya safari. Kwa watoto, chanjo ya nimonia iliingizwa katika ratiba ya kawaida Kenya mwaka 2011 na Tanzania mwishoni mwa mwaka 2012, na hutolewa bure. Mtoto aliyenyonya maziwa ya mama pekee kwa miezi sita na kukamilisha chanjo zake ataugua mafua kama wengine, lakini mafua hayo hayatafika mbali kirahisi.

Kutuliza: kikombe, asali na mvuke

Mafua yakishaingia, mwili huchukua siku saba hadi kumi kuyamaliza, na kikohozi huweza kubaki nyuma hadi wiki tatu. Kazi ya nyumba sasa ni kumfanya mgonjwa anywe, ale kidogo, apumue na alale. Hapa jadi yetu imejaa maarifa, ila inahitaji kupepetwa.

Chai ya tangawizi ibaki mahali pake. Utafiti wa Cardiff wa mwaka 2008 ulilinganisha kinywaji cha matunda kikiwa cha moto na kilekile kikiwa na joto la kawaida la chumba. Cha moto kilituliza papo hapo chafya, kikohozi, koo, baridi ya mwili na uchovu. Maana yake ni kwamba sehemu kubwa ya kazi inafanywa na joto, ladha na harufu, na mchaichai, mdalasini, karafuu au limau vinaweza kuifanya vilevile kwa wanaovipenda. Supu ya kuku, uji mwepesi na maji ya dafu vina faida ya kurudisha maji na chumvi kwa mtu asiye na hamu ya kula. Kitunguu saumu kimesifiwa sana, lakini ushahidi wake wa kisayansi ni haba mno. Kiliwe kama kiungo, kisiuzwe kama tiba.

Asali imefanya vizuri zaidi kwenye majaribio. Kijiko kimoja cha chai kabla ya kulala hupunguza kikohozi cha mtoto kuliko kutompa kitu, na hulingana na baadhi ya dawa za kikohozi za dukani. Asali ya Tabora, ya nyuki wakubwa au wadogo, itafaa mradi ni halisi. Kuna sharti moja lisilo na mjadala: mtoto ambaye hajatimiza mwaka asipewe asali hata ya kulambishwa, kwa kuwa inaweza kuwa na vijidudu vinavyotoa sumu ya botulizimu ndani ya utumbo wake mchanga, na sumu hiyo hupooza misuli hadi ya kupumulia.

Maji ya chumvi ni dawa ya maskini isiyosifiwa vya kutosha. Nusu kijiko cha chai cha chumvi katika glasi ya maji ya uvuguvugu, mtu mzima asukutue koo na kutema. Kwa mtoto mchanga ambaye pua imeziba hata anashindwa kunyonya, tone moja au mawili ya maji ya chumvi ya dukani katika kila tundu, dakika chache kabla ya kunyonya, hulainisha makamasi. Anayeosha pua atumie maji yaliyochemshwa na kupoa, kamwe asitumie ya bomba au kisima yalivyo.

Kujifukiza kunahitaji maneno ya ziada. Desturi ya kujifunika blanketi juu ya chungu cha majani ya mkaratusi, mlimau, mpera au muarobaini ni ya zamani, na mwaka 2020, wakati wa UVIKO-19, ilivuma Tanzania nzima. Mvuke unalegeza makamasi kwa muda na wengi husikia nafuu. Lakini majaribio yaliyopangwa vizuri hayakuonyesha kwamba unafupisha ugonjwa, wala joto lake haliui virusi vilivyokwisha kuingia ndani ya chembe za mwili. Hatari yake inajulikana: sufuria ya maji yanayochemka, giza la blanketi na mtoto asiyetulia. Mtu mzima akitaka nafuu ajifukize kwa uangalifu, sufuria ikiwa imekaa chini imara. Watoto wasifukizwe. Mwenye pumu naye akae mbali, maana mvuke na harufu kali huweza kumbana kifua.

Kwa homa na maumivu, paracetamoli inatosha. Mtu mzima ameze vidonge viwili vya miligramu 500, apishanishe dozi kwa saa sita, asizidishe vinane katika saa 24. Mtego uko kwenye tembe za mchanganyiko za mafua, ambazo nyingi zina paracetamoli ndani. Anayezimeza pamoja na paracetamoli ya kawaida anajilisha dozi mbili bila kujua, na ini ndilo linalolipa. Mtoto apimiwe kwa uzito wake kama mfamasia atakavyoelekeza. Aspirini asipewe mtoto wala kijana aliye chini ya miaka 16 mwenye homa, kwa kuwa imehusishwa na ugonjwa wa nadra unaoharibu ubongo na ini. Dawa za kupaka zenye kafuri zisitumiwe kwa mtoto wa chini ya miaka miwili, na zisiingizwe puani kwa mtu yeyote.

Dawa za kikohozi za maji kwa watoto wadogo zina faida ndogo na historia mbaya. Mwaka 2022 zaidi ya watoto 60 walifariki nchini Gambia kwa figo kushindwa kufanya kazi, na Shirika la Afya Duniani likatoa tahadhari kuhusu dawa za maji za kikohozi na mafua zilizokutwa na kemikali za sumu. 

Halafu kuna antibiotiki. Dawa hizi huua bakteria, na mafua ni virusi. Makamasi kugeuka manjano au kijani siku ya tatu si dalili ya kuzihitaji, kwa sababu rangi ile hutoka kwenye chembe nyeupe za damu zinazopigana. Kinachopatikana kwa kuzimeza ovyo ni kuhara, mzio, na usugu wa vimelea. Mwaka 2019 usugu huo ulikadiriwa kuua moja kwa moja watu milioni 1.27 duniani, na Afrika kusini mwa Sahara iliumia kuliko kwingine kwingi. Kapsuli inayomezwa leo bila sababu inapunguza nguvu ya kapsuli ambayo kesho itahitajika kwa nimonia ya kweli.

La mwisho katika orodha hii ni kukata kimeo. Bado wapo wazazi wanaompeleka mtoto mwenye kikohozi kisichokoma kwa mkata kimeo wa mtaani, wakiamini kwamba kinyama kile cha kooni ndicho kinachomkereketa. Kimeo hakileti kikohozi. Kukikata kwa wembe au kisu cha jadi kunaweza kumfanya mtoto avuje damu hadi kufa, kumwambukiza pepopunda au VVU, na kubwa zaidi, kunachelewesha kugundua ugonjwa unaomkohoza.

Kutambua: pale ambapo si mafua

Kazi ya tatu haihitaji fedha. Inahitaji macho, saa na ujasiri wa kuondoka nyumbani kwa wakati.

Kwanza, homa. Katika maeneo yenye malaria, homa yoyote ipimwe, hata kama pua inachuruzika, kwa kuwa mtu anaweza kuwa na vyote viwili. Kipimo cha haraka cha malaria hutoa jibu ndani ya nusu saa, na kinapatikana mpaka kwenye zahanati. Makosa yanakwenda pande zote. Wapo wanaomeza dawa ya malaria kwa kila influenza, na wapo waliomfunika mtoto blanketi wakisema ni mafua tu, kumbe malaria inapanda kichwani. Hilo la kumfunika mtoto anayechemka nalo liachwe. Avuliwe nguo nzito, apewe paracetamoli na maji ya kunywa. Degedege likitokea, alazwe ubavu, asitiwe kitu mdomoni, apelekwe hospitali.

Pili, pumzi. Nimonia inaua watoto zaidi ya 700,000 wa chini ya miaka mitano kila mwaka duniani, na dalili yake ya mapema inaweza kuonwa na mzazi asiyejua kusoma. Mtoto akiwa ametulia, fungua nguo uone kifua, uhesabu pumzi kwa dakika nzima; simu ya mkononi ina saa. Kwa mtoto wa chini ya miezi miwili, pumzi 60 au zaidi ni nyingi mno. Kuanzia miezi miwili hadi kabla ya kutimiza mwaka, mpaka ni 50. Kuanzia mwaka mmoja hadi mitano, ni 40. Akifika hapo, au sehemu ya chini ya kifua ikiwa inabonyea ndani kila anapovuta hewa, hiyo si kazi ya tangawizi. Na kama hawezi kunyonya au kunywa, anatapika kila kitu, amepata degedege au amelegea asiamke vizuri, safari haisubiri asubuhi. Mtoto wa chini ya miezi miwili mwenye homa apelekwe hata kama dalili nyingine hazipo.

Tatu, kalenda. Mafua huwa mabaya kuliko yote kati ya siku ya pili na ya nne, kisha hupungua. Mgonjwa aliyeanza kupata nafuu halafu homa ikarudi na kifua kikachoma, huenda ndiye yule aliyefuatwa na bakteria nyuma ya virusi, kama ilivyokuwa mwaka 1918. Kikohozi kikifika wiki mbili, mtu akapime kifua kikuu, hasa kama kinaandamana na jasho la usiku, homa za jioni au kupungua uzito. Mwenye VVU asisubiri wiki hizo mbili. Vipimo na dawa za kifua kikuu hutolewa bure katika vituo vya umma Tanzania na Kenya, na aibu ya kupima ni ghali kuliko ugonjwa wenyewe.

Nne, mwenye mwili. Wale wale waliotajwa kwenye chanjo ya influenza, yaani mjamzito, mzee, mwenye pumu, kisukari, moyo, seli mundu au VVU, hawana mafua madogo. Dawa za kupambana na influenza zipo, lakini hufanya kazi vizuri zaidi zikianzishwa ndani ya saa 48. Mwenye seli mundu akipata homa aende hospitali siku hiyohiyo. Mwenye pumu ahakikishe dawa yake ya kuvuta haijaisha kabla kipupwe hakijaanza, kwa kuwa rinovirusi ni miongoni mwa vichochezi vikubwa vya kubanwa kifua. Na mtu mzima yeyote anayehema akiwa amekaa, anayesikia kifua kinabana, aliyechanganyikiwa au midomo imegeuka rangi ya samawati, asihesabiwe kuwa na mafua.

Hukumu ya uchambuzi huu ni nyepesi kuisema na ngumu kuitekeleza. Mahitaji ya nyumba kwa mafua ni madogo: sabuni, chumvi, asali, tangawizi, paracetamoli na dirisha linalofunguka. Fedha inayobaki baada ya hapo iwekwe kwa ajili ya nauli ya kwenda kituo cha afya. Muuzaji wa duka la dawa awe na ujasiri wa kumwambia mteja kwamba amoksilini haihitajiki, na mteja asimwone mjinga kwa kumwambia hivyo. Mwajiri naye aelewe kwamba kumruhusu mtumishi mmoja apumzike siku tatu ni nafuu kuliko kuwapoteza sita wiki ijayo. Wewe msomaji, leo kabla ya kulala, mfundishe kila mtu mzima wa nyumba yako namba tatu: 60, 50 na 40, na umri unaokwenda na kila moja. Ziandikeni ukutani pale mnapoweka dawa.